Nguo Zangu Ziligawiwa Nikiwa Hai

Nimeishia darasa la nne, lakini nguo naijua kuliko hao waliosoma. Nimeuza mitumba mnadani Kondoa miaka na miaka. Mteja akitaka kujua kama gauni ni pamba, navuta uzi mmoja kwenye pindo nauchoma. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu la kupuliza. Poliesta haiungui hivyo. Inayeyuka, inajikunja, inakuwa tone jeusi linalonata. Likikugusa kidole linatoka na ngozi.

Mimi lilinigusa mgongo mzima. Aliyechagua sare ya harusi ya binti yake ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu. Alileta kitambaa cha kung'aa, eti hakitaki pasi. Nikamwambia hii ni plastiki iliyofumwa, na sisi ndio tutakaosimama jikoni. Akanijibu, "Wifi, umezoea kuukuu, kipya kinakuwasha." Siku yenyewe, pale kijijini kwetu Kolo, pindo likapita kwenye moto wa pilau. Watu walipiga vigelegele kwanza. Walidhani nacheza.

Nikalazwa Dodoma mjini, miezi. Muuguzi wa vidonda akanionya kwamba ngozi hii mpya haitavumilia kitu isipokuwa pamba tupu, tena iliyolainika. Basi nikawa nalala kifudifudi nawaza sanduku langu nyumbani: kanga zangu za zamani, mashuka mawili yaliyofuliwa mpaka yakawa kama maziwa. Hayo ndiyo yaliyonipa hamu ya kupona.

Kumbe nilishakufa. Asubuhi moja nilihamishwa wodi. Mchana wifi akaja kunitazama, akakuta kitanda kitupu na godoro linafutwa kwa dawa. Hakuuliza mtu. Akapiga simu Kolo kwamba nimewatoka, akapanda basi. Sanda ikanunuliwa. Na kwa kuwa ndugu wa Chemba walikuwa na haraka ya kurudi kupalilia uwele, wifi akaamua nguo zangu zigawiwe palepale, mwili utakuja baadaye.

Wanaume waliotumwa kuuchukua huo mwili wakanikuta nakunywa uji. Mmoja akampigia wifi, simu imewekwa sauti ya juu, wodi nzima ikasikia jibu lake.

"Hakikisheni kwanza. Watu tumeshagawana."

Muuguzi alitaka kunifariji. Akanisimulia kwamba siku hizi kuna vitambaa vimefumwa kwa nyuzi za umeme, ukivaa vinasikiliza moyo wako na kupeleka habari kwenye simu ya ndugu. Nikamwambia kwamba wifi yangu angesema kitambaa ni kibovu.

Nilirudi Kolo na shuka la kuazima, la kurudishwa hospitali. Sandukuni hamna hata kitambaa cha kichwa. Nikaanza kuzunguka. Majina sitaji, nawataja kwa walichochukua. Jirani wa upande wa kisima, kanga mbili. Shangazi wa mume wangu, mashuka. Huyo nilimpa shikamoo yake, akaitikia vizuri, kisha akasema vitu vya marehemu vikishagawiwa havirudishwi, ni mkosi. Nikamuuliza marehemu yupi.

"Wewe, mwanangu," akasema kwa upole. "Mungu akurehemu."

Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alinisikiliza amekaa chini ya pazia langu la pamba, maana mkewe naye alipata fungu. Wifi akaitwa, akaja amejitanda kanga yangu nyekundu. Akajitetea kwamba mgao ulifanywa kwa nia njema na dua ilisomwa. Balozi akafikiri sana, akakuna kidevu. Akaamua kwamba mgao ni halali, hauvunjwi. Ila akaona kwamba mimi nami ni ndugu wa marehemu, na sikuwepo siku ya kugawana, kwa hiyo nina haki ya fungu langu.

"Kimebaki nini?" akauliza.

Wifi akajibu, "Imebaki sanda."

Ikaletwa, bado imo kwenye gazeti la dukani. Tangu harusi ile sikuwa nimeshika kiberiti. Njiti tatu nilizitupa kabla hazijawaka vizuri. Ya nne ikashika, uzi ukaungua kimyakimya, harufu ya karatasi, jivu likaruka na upepo. Pamba tupu. Kumbe wifi anajua kuchagua kitambaa, ila kwa maiti.

Niliichemsha mpaka ikaacha ukakamavu, nikashona gauni pana kwa mkono. Ndilo ninalovaa mnadani mpaka leo, na mgongo unatulia. Wageni wanasifu weupe wake. Wenyeji wanapita mbali.

Juzi wifi alimtuma mtu aniulize kama nitairudisha sanda, kwa sababu siku nikifa kweli watalazimika kununua nyingine. Nikasema mwambieni vitu vya marehemu havirudishwi, ni mkosi.