Pembe Zilizogoma Kudondoka

Jamani, afadhali mlisikie hili kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, maana mjini limeshafika.

Nilikuwa naomba kazi ya kufundisha sayansi katika shule moja pale Raskazone, Tanga, na yote yalitegemea kipindi kimoja cha majaribio, mkuu wa shule amekaa nyuma na daftari lake, na mimi tangu mkataba wangu wa kufundisha Chumbageni uishe usingizi ulikuwa umenihama. Mada ilikuwa kulungu wa nchi za baridi, ambao pembe zao (tofauti na hawa wa kwetu Saadani) hudondoka kila mwaka zikaota upya. Nikaona nisiwachoshe watoto kwa maneno matupu, nikatengeneza pembe za vijiti vya mpera, nikazifunga juu ya ushungi kwa uzi ambao nikiuvuta tu, zinaanguka. Nilipofika mlangoni hofu ikanishika: je, zikianguka kabla ya wakati? Nikaongeza pini. Nane.

Somo lilianza vizuri, wallahi. Tuliigiza mwaka wa kulungu kwa mwanga wa madirisha: watoto wakayafungua, mchana ukarefuka, pembe zikaota zikiwa zimefunikwa ngozi laini. Wakayafunga nusu, mchana ukafupika, pembe zikakomaa na ngozi ikachubuka. Wakayafunga yote, baridi kali, nikavuta uzi.

Wapi! Nikavuta tena, uzi ukakatika.

"Mwalimu, kulungu wako mkaidi!" akasema binti wa dawati la mbele, darasa zima likacheka, jasho likanitiririka (kuzitoa ni mpaka nivue ushungi, na mkuu ni mwanamume). Mkuu akainuka, akaja mbele, nami kwa kuchanganyikiwa nikainama kumpa salamu niliyokwishampa asubuhi, "Shikamoo, mwalimu mkuu," na kijiti cha kulia kikainyakua kofia yake. Upara ukang'aa.

"Marahaba," akasema, akiirudisha kofia kichwani. "Sasa tuambie, mbona hazidondoki?"

"Kwa sababu tuko Tanga, mwalimu," nikajibu. "Mwili wa kulungu hupima mchana unavyorefuka na kufupika. Huku kwetu tofauti ni ndogo, hata saa ya swala ya Magharibi haisogei sana. Akiletwa hapa, hajui aziangushe lini."

Akaandika, akaandika tena.

"Jumatatu uanze kazi," akasema. "Lakini kwa chaki."

Nimeanza, alhamdulillahi, na wanafunzi wananiita Bi Kulungu hadi sokoni. Nanyi walimu wenzangu, msiache vielelezo, mtoto huelewa anachokiona. Ila vijaribuni kwanza nyumbani, na kilichotengenezwa kianguke, tafadhalini, kiacheni kianguke. Mimi pini sishiki tena.