Vitabu Tulivyoviachia Njiani

Mke wangu alisoma riwaya maisha yake yote, na mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa karani wa ghala katika kampuni ya machimbo, na kusoma kwangu kulikuwa kusoma kwa mtu wa ghala: gazeti, hata la wiki iliyopita, historia za wafalme na vita, karatasi za maelezo zinazokuja na mashine. Nilipenda kitabu kinachonipa kitu ninachoweza kukirudia mbele ya watu. Kitabu cha kumliza mtu kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, niliona ni kuchosha macho bure.

Tulikaa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa machimbo, katika nyumba ya safu ambayo kampuni ilitupa tulipooana. Mbele ya mlango mwanga ulikuwa mzuri kuanzia mchana hadi jua likielekea kuzama, na hapo ndipo tulipoweka viti vyetu viwili. Kiangazi, malori ya madini yakipita, vumbi lilitua juu ya kitabu, ukigeuza ukurasa ukalisikia chini ya kidole. Yeye alilipuliza na kuendelea. Mimi niliingia ndani.

Alikuwa mtoto wa Lubudi. Baba yake alifagia mabehewa stesheni, na alichokikuta chini ya viti alikileta nyumbani: kitana, kiatu kimoja, na vitabu vya Kifaransa ambavyo abiria walivisahau au walivitupa. Vingi havikuwa na jalada. Vingine vilikuwa vimechanwa kurasa za mwisho, maana watu safarini wanahitaji karatasi kwa mambo mengi. Kusoma alifundishwa na masista shuleni, lakini kupenda kusoma kulimwingia kupitia vitabu hivyo vilivyokatika.

"Mwisho nilikuwa naitafuta miye mwenyewe," aliniambia siku za uchumba wetu. "Nikienda kuchota mayi, minawaza: sasa ule bibi atafanya nini?"

Alipokuwa mama wa nyumba hakubadilika. Maji ya bukari, ugali wetu, yakichemka, yeye alisimama jikoni na kitabu, na mara nyingi maji yalipungua kwenye sufuria kabla hajaukumbuka unga. Alama yake ilikuwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la kitenge. Alipenda wajane, uchumba uliovunjika, watoto waliopotea wakarudi wakakuta mama amekwisha kuzikwa. Kama hakuna aliyekufa hadi katikati, alikiita kitabu cha bure. Jirani zetu wanawake walikuja mchana na masombe yao, majani ya muhogo, ya kuchambua, naye akawasimulia kwa Kiswahili alichokisoma kwa Kifaransa, na wote wakafuta machozi kwa migongo ya mikono.

Siku moja niliwauliza kama misiba ya Kapata haiwatoshi, hadi waende kuazima ya watu wengine.

"Ya hapa, tata," mke wangu alisema, "hatuwezi kuifunga na kuitia ku kabati."

Wale wanawake walicheka, nami nikarudi kwenye gazeti langu.

Ugonjwa ulimjia asubuhi, katikati ya kiangazi, ambacho kwetu huwa na baridi. Alikuwa amekwisha kufagia uwanja, akaketi na kitabu alichokinunua mjini, kwa wauzaji wanaotandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai karibu na soko. Nilimwona akikigeuza juu chini, kisha akikirudisha.

"Tata," akaniita. "Hii banaandika mu luga gani?"

Nilidhani ni mzaha. Uzi ulikuwa katikati ya kitabu. Jana yake tu nilimsikia akikilalamikia, akisema yule mchumba ni mwongo. Nilimwambia ni Kifaransa. Alininyooshea kitabu nikione vizuri, na mkono wake wa kulia ukakiachia kabla sijakishika. Hapo nikautazama mdomo wake, nikaona umekwenda upande.

Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki ya kukodi, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimkumbatia asianguke. Alikaa huko hadi mdomo ukanyooka na mguu ukaanza kumtii. Daktari, kijana mpole, alitueleza wote wawili pamoja. Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa kichwani. Macho ni mazima. Anaona kila kitu, hata mistari ya kitabu anaiona, ila ile sehemu ya kichwa inayozijua herufi imeumia.

"Itarudi?" nilimuuliza.

"Kwa wengine inarudi kidogo."

Mke wangu alikuwa ametazama miguu yake.

Nyumbani nilinunua kibao na chaki. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyesoma tangu utotoni hawezi kushindwa na A. Kila asubuhi nilimwandikia herufi, naye akazifuatisha kwa kidole cha mkono wa kushoto, na alipozifuatisha alizijua. Akiondoa kidole, zimekwenda. Tulifanya hivyo hadi mwezi ukaisha. Siku moja nilimsifu kwa kulisoma neno "mama", nikampigia makofi kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alikisukuma kibao, kikaanguka sakafuni, kikapasuka.

"Mi hapana mutoto," alisema. "Unaona niko nasoma? Siko nasoma. Achia."

Aligeuka ukutani. Nilivikusanya vile vipande, nikavitupa nyuma ya nyumba. Kesho yake mchana alitoka mwenyewe, akivuta mguu, akaketi kwenye kiti chake mbele ya mlango. Mapajani aliweka kitabu kile chenye uzi.

"Unisomee," alisema.

Nilianza kwa Kifaransa, jinsi kilivyoandikwa. Baada ya ukurasa mmoja nilimwona ananitazama kama mtu anayesubiri nianze. Nilielewa polepole, na sikutaka kuelewa. Kifaransa nacho kilikuwa kimekwenda, karibu chote, kile alichokipata kwa masista na kwenye mabehewa ya baba yake. Kilichobaki ni Kiswahili chetu na Kiluba cha mama yake. Basi nikawa nautazama mstari kwa Kifaransa na kuutoa kwa Kiswahili, nikikwama na kurudi nyuma. Kwa miaka yote wale wanawake wakichambua masombe, yeye alikuwa akifanya kazi hiyo bila kusita hata kidogo. Mimi ilinitoa jasho.

Kulikuwa na mahali ambapo mchumba anaondoka nyumbani kwa miguu katika theluji. Sikuwa na neno. Hapa kwetu hakuna anayesema theluji. Tunasema neige, kama Wafaransa, na tumeiona kwenye kalenda tu.

"Neige njo nini?" aliniuliza.

Alikuwa amesoma neige mara ngapi katika maisha yake? Nusu ya wajane wake walikufa ndani yake. Nilimwambia ni kitu cheupe, baridi, kinaanguka kama mvua lakini bila sauti, kinafunika barabara.

"Kama vumbi," alisema.

"Kama vumbi. Lakini ni maji."

Aliitikia kwa kichwa. Niliendelea kusoma.

Tulizoea hivyo. Kila mchana, malori yakipungua, tulisoma. Mimi niliyecheka riwaya sasa nilizisoma kwa sauti mbele ya mlango wangu, na wapita njia walinisalimia wakipunguza mwendo ili wasikie. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amebadilika. Mwanamke aliyekuwa akikidharau kitabu kisicho na kifo, sasa mtu akianza tu kukohoa katika hadithi aliinua mkono wake wa kushoto.

"Achia hapa."

"Hakijaisha, mama. Zimebaki kurasa nyingi."

"Najua kwenye iko naenda. Usifike kule. Twala kingine."

Tulivifunga vitabu namna hiyo, kimoja baada ya kingine, mara tu homa, vita au safari ya baharini ilipokaribia. Niliviweka juu ya kabati, kila kimoja na uzi wake. Mwanzoni nilifurahi, kwa kuwa kazi ilipungua. Kisha nikaona siwezi kulala vizuri bila kujua. Asubuhi, yeye akiwa bado kitandani, nilichukua kitabu nikaenda nyuma ya jiko nikamalizia peke yangu, nikiwa nimesimama, kama mvulana anayevuta sigara kwa siri. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupenda riwaya, nikiwa mzee. Niliwalilia watu ambao hawakuzaliwa.

Siku moja niliporudi ndani alikuwa ameketi kitandani.

"Ule mama alikufa?" aliuliza.

"Mama gani?"

"Wa mu kitabu. Mwenye kukohoa."

"Sijui. Sijasoma."

Alinitazama usoni, bila hasira.

"Tata, uso yako iko nasoma kwa sauti," alisema.

Tangu siku ile nilimalizia vitabu mbali zaidi, barabarani, nikikaa kabla ya kurudi hadi uso unyamaze. Sidhani nilifaulu kumdanganya hata mara moja.

Mara ya pili ugonjwa ulimkuta mezani, mvua zikiwa zimeanza. Tulipofika hospitali alikuwa amepooza upande mmoja wote na sauti imekuwa nzito. Nilikuwa nimebeba shuka, ndoo na sahani, kama inavyotakiwa, lakini kitabu nilikisahau. Kesho yake mchana, saa yetu, alinivuta mkono wa shati.

"Unisomee."

Nilitazama kila upande wa chumba. Hakukuwa na kitu chenye maandishi ila karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa yake. Niliikunjua. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Nilimsomea kwa Kiswahili: dawa hii iwekwe mahali pakavu, mbali na mwanga, mbali na watoto. Usiitumie kama una ugonjwa wa figo. Inaweza kuleta kizunguzungu. Alifumba macho akasikiliza kama alivyosikiliza habari za wale wachumba. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe kwenye kitanda cha jirani aliniletea karatasi yake.

"Tata, utusomee na ya kwetu."

Niliisoma yote, hata mahali ilipotengenezwa.

"Hakuna penye banasema atapona?" aliniuliza.

"Karatasi hizi hazisemi hivyo, mama."

Aliikunja vizuri, akaiweka chini ya mto wa mwanawe.

Mke wangu alifariki siku iliyofuata kabla ya mchana. Mimi nilikuwa nimevuka barabara kwenda duka la dawa kununua chupa nyingine ya serumu ya kumtundikia. Niliporudi, yule mama alikuwa amekwisha kumfunika uso kwa kitenge chake mwenyewe.

Kilio kilifanyika nyumbani. Ndugu zake walikuja kutoka Lubudi, na baada ya maziko waligawana vitenge na sufuria kama desturi inavyotaka, bila ugomvi. Vitabu juu ya kabati hakuna aliyevigusa. Dada yake mkubwa peke yake ndiye aliyechukua kimoja. Hajui kusoma, alikitia kwenye mkoba pamoja na viatu. Vingine niliviacha. Paa letu linavuja upande ule, na mvua za mwaka huo zilivikuta kabla sijavihamisha. Vilivimba, kisha vikashikana.

Kile cha mwisho, tulichokiacha njiani siku ile ya mezani, nilikuwa nimekiweka kwenye kiti. Nilikimaliza juma lile lile la maziko, haraka, kwa Kifaransa na kimyakimya. Siku hizi sikumbuki mwisho wake ulikuwaje.

Binti yetu anaishi Lubumbashi na ananitaka nihamie kwake. Nimemwambia tungoje mvua ziishe, na zimeisha zaidi ya mara moja. Macho yangu yamepungua, gazeti nasoma vichwa vya habari tu. Jumapili binti yetu hupiga simu, na kwa kuwa hajui la kumuuliza baba mjane, huuliza lile lile.

"Papa, siku hizi uko nasoma nini?"

Namtajia kitabu chochote kinachonijia kichwani. Anasema ni vizuri, nisiache, kisha ananiuliza kama umeme umerudi.