Nilihesabu Pete za Kuro, Ndugu Yangu Akafungwa

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukasoma hadi katikati ukitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Ndugu yangu alifungwa kwa sababu nilisema "najua" juu ya jambo nisilolijua, na nililisema mbele ya watu, kwa sauti, nikiwa nimesimama wima.

Jina langu sitaliandika. Mimi ni mtu wa Karagwe, upande wa Ihembe, mkubwa wa watoto watatu. Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, tata akitangulia, mama akimfuata kabla hatujachuma kahawa. Nilikuwa darasa la tatu. Niliacha shule wiki ile ile nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu ili wadogo zangu wale. Ndugu yangu nitamwita Laurenti, ingawa si jina lake. Dada yetu, kitinda mimba, nitamwita Anastazia.

Kuchunga ndiko kulikonifundisha habari za pembe. Ng'ombe wetu wana pembe ndefu, na kila jike akizaa, pete moja hubaki kwenye shina la pembe. Mchungaji akitaka kujua jike amezaa mara ngapi hamwulizi mwenye mali, anapitisha kidole tu. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wanunuzi walikuwa wakiniita mnadani niwahesabie. "Huyu ndama watano," nasema, na mwenye ng'ombe anatazama chini, kwa maana yeye alikuwa ametaja watatu.

Nilipoanza kuota ndevu, Mzungu wa wanyama, tuliyemwita Bwana Nyama, alipiga kambi upande wa Kyerwa, karibu na vinamasi vya mto Kagera. Alitaka mtu wa kupima pembe za wanyama waliopigwa kwa kibali na kuandika daftarini aina, urefu na umri. Tulijipanga watu zaidi ya kumi, na wengi walikuwa wamesoma kunishinda.

"Umri wa mnyama utaujuaje?" akaniuliza.

"Kwa pete za pembe, Bwana. Zinahesabika."

"Hata za kuro? Hata za swala?"

Sikuwa nimewahi kumhesabu mnyama wa porini hata mmoja. Lakini nyumbani nilikuwa na watoto wawili waliokuwa wakila ndizi za jirani.

"Hata hao, Bwana. Najua."

Nikapewa kazi. Kwa kuwa kuro dume hazai, na pembe kwa kuro ni za dume tu, nilijitungia kanuni yangu. Nilisema moyoni kwamba pete zake ni za mvua. Kwetu mvua ni mbili kwa mwaka. Mnyama anashiba majani mabichi, pembe inanenepa, pete inatokea. Basi pete mbili ni mwaka mmoja. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyenipinga. Bwana Nyama alitia sahihi yake chini ya kila ukurasa niliouandika. Baada ya miaka miwili watu walikuwa wakiniita Bwana Pembe, nami nikiitwa hivyo naitika.

Naomba unielewe hapa. Sikuwa mwongo. Watoto wale niliwalea kwa kuwakataza uongo kuliko nilivyowakataza wizi. Ile kanuni niliiamini. Na kwa vile niliiamini, sikuijaribu hata siku moja.

Anastazia alipoposwa, Laurenti alisema nyama ya arusi ataitafuta yeye. Alikuwa na kibali, na mkungu wetu, mkuu wa kijiji, alimwazima gobori. Masharti ya kibali kwa eneo letu yalikuwa mafupi: kuro mmoja, dume, mzee, aliyetimiza miaka minane. Ukipiga dume kijana, unafungwa.

Akampiga kuro kule kinamasini. Askari wa wanyama akamkuta anachuna, akamtazama mnyama, akasema huyu ni kijana. Laurenti akasema ni mzee. Wakabishana mpaka askari akachukua zile pembe, na Laurenti akaitwa barazani.

Bwana Nyama alikuwa safarini. Mwenyekiti wa baraza akasema haina haja ya kumngoja, mtu wake wa pembe yupo. Nikaitwa.

Watu walijaa, kwa sababu walitaka kuona ndugu wawili. Laurenti alikuwa amekaa chini kati ya askari wawili. Aliponiona alinyanyuka kidogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Mwenyekiti akaniuliza, "Huyu ni mdogo wako, tumbo moja. Utaweza kusema kweli?"

"Nitasema kama pembe zinavyosema, mzee."

"Basi sema."

Laurenti akaomba nafasi, akapewa. Alinisemesha mimi, si baraza. "Kaka, huyu dume nimemfuatilia misimu mitatu. Alikuwa peke yake, madume wenzake walikwisha mfukuza kwa majike. Meno yalikuwa yamekwisha, hata majani yalikuwa yanamtoka mdomoni."

"Hayo meno yako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kichwa tulikitupa majini, mzee. Sikujua kama meno yangeitwa barazani."

Watu wakacheka. Laurenti hakucheka.

"Kaka, basi shika kwa mbele, hapo chini kwenye shina. Sikia palivyo."

Nikapashika. Palikuwa laini kama mpini wa jembe. Nami nikajiambia kwamba ni laini kwa sababu pete bado hazijaota, na kama hazijaota, mnyama alikuwa bado anakua. Ndivyo nilivyosoma. Kile alichonionyesha kunithibitishia uzee, mimi nilikisoma kuwa ujana.

Nikaanza kuhesabu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mfugaji ninayemfahamu tangu nikichunga, akapaza sauti.

"Tazameni, Bwana Pembe anahesabu ndama! Mwulizeni huyo dume kajifungua mara ngapi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mkungu alijifunika uso kwa kofia. Masikio yaliniwaka moto. Yule mzee alikuwa ananiambia jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia kwenye zizi angepaswa kulitafakari: kwamba elimu yangu ni ya ng'ombe jike, na yule hakuwa ng'ombe wala hakuwa jike. Sikutafakari. Nilikasirika, nikaanza upya kwa sauti kubwa zaidi.

"Moja. Mbili. Tatu." Nikafika tisa. "Pete tisa. Miaka minne na nusu."

"Una hakika?" mwenyekiti akauliza.

"Najua, mzee. Ni kazi yangu."

"Urefu wake je? Mbona ni ndefu hivi?"

"Hata watu warefu wapo vijana."

Wakacheka tena, safari hii pamoja nami, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Laurenti akapewa miezi sita, akaitumikie Bukoba. Walipomwinua aliniambia, bila hasira, "Umehesabu vizuri, kaka." Ni maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa haki. Nilijisifu moyoni kwamba sikumpendelea ndugu yangu. Anastazia alikuwa anamenya ndizi. Hakunipa kiti.

"Ungenyamaza," alisema.

"Ningesema uongo?"

"Ungesema hujui. Huo si uongo."

"Lakini nilijua."

Akaendelea kumenya. Arusi yake ilifungwa miezi miwili baadaye, bila ngoma, na upande wetu nilikaa peke yangu.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokuja kujua. Mpishi wa kambi, mtu wa Muleba, alikuwa na kuro dume aliyemlea kwa chupa tangu mamake alipoliwa na simba. Alizoea watu, alikuwa anaingia jikoni kuiba maganda. Wakati Laurenti akiwa na miezi minne gerezani, yule kuro aliumwa na nyoka akafa. Mpishi alilia kama amefiwa. Kisha akaniambia, "Mwandike, Bwana Pembe. Naye aingie daftarini."

Nikachukua pembe nikahesabu. Kumi na nne.

"Miaka saba," nikasema, na kabla sijashika kalamu mpishi akaniangalia.

"Saba ya wapi? Huyu aliletwa kambini akiwa na kitovu kibichi, mwezi ule dada yako alipopata kipaimara. Hana hata mitatu."

Nikahesabu upya. Kumi na nne. Nikamwambia umekosea mwezi. Akasema, "Ndugu yangu, mimi ndiye nilikuwa naamka kumnyonyesha." Kipaimara cha Anastazia nilikikumbuka vizuri mimi mwenyewe, kwa maana gauni lake nililiazima mimi. Miaka miwili na nusu, pete kumi na nne. Hakuna mvua duniani zinazonyesha hivyo.

Nilikwenda stoo nikazitafuta pembe za kuro wa Laurenti. Zilikuwa bado na kibandiko cha baraza. Nikazishika kwa nyuma, mahali ambapo sikupashika siku ile, na kidole changu kikaanza kugonga. Pete zilikuwepo, nyingi, zimekaribiana, zimefifia. Kwa mbele zilikuwa zimelika. Mnyama alikuwa amesugua pembe zake kwenye miti na vichuguu mwaka baada ya mwaka hadi zikawa laini kama kizingiti cha nyumba ya watu wengi. Hata ncha zilikuwa butu. Ulikuwa ni uzee mtupu, na ulikuwa mikononi mwangu tangu siku ya baraza.

Nilikaa chini mle stooni. Mpishi aliponiita chakula, nilitoka na zile pembe mkononi.

Kesho yake nilianza safari zangu. Kwanza barazani. Karani alinisikiliza huku anachonga penseli.

"Kwa hiyo unasema ulisema uongo?"

"Sikusema uongo. Nilikosea."

"Uongo una kifungu chake. Kukosea hakuna. Lete barua ya Bwana Nyama."

Bwana Nyama wetu alikuwa amekwenda likizo kwao Ulaya. Aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana, mtaratibu. Nilimweleza yote, nikamwekea pembe zote mbili mezani, za kuro wa Laurenti na za yule kuro wa mpishi. Alizigeuza moja moja. Akafungua daftari langu, ukurasa baada ya ukurasa, kila umri nilioandika, kila sahihi ya mwenzake.

"Unataka nikubali kwamba yote haya si kweli?"

"Ndiyo, Bwana."

"Nakala zake zimekwisha pelekwa. Nitangoja mwenyewe arudi." Akalifunga.

Nilipanda lori la kahawa hadi Bukoba. Gerezani sikuruhusiwa kumwona, kwa sababu siku ile haikuwa ya kuonana, na lori lilikuwa linarudi. Niliacha ujumbe kwa askari wa lango: mwambie kaka yake alikuja, mwambie nimekosa mimi. Kama aliupeleka au hakuupeleka, sijui hadi leo.

Nilirudi kwa karani mara nne. Mara ya mwisho alinionea huruma. "Bwana Pembe, kifungo kimekwisha. Ametoka. Sasa unataka nimfungulie nini?"

Laurenti hakuja nyumbani. Alipita kwa Anastazia mchana mmoja, akachukua blanketi lake, akanywa rubisi kibuyu kimoja na shemeji yake, akavuka Kagera kwenda Uganda. Mimi nilikuwa kambini, nikipima pembe. Anastazia hakutuma mtu kuniita. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Hakukuulizia."

Kazi niliiacha. Nimerudi kwenye kibanja cha tata, napalilia migomba, na upande ambao ulikuwa wa Laurenti naupalilia pia. Kila mfanyabiashara anayetoka Uganda namsimamisha. Wengi hawamjui. Mwaka jana mmoja wa Kibingo, upande wetu huu, alisema amekutana naye, yuko kwenye mashamba ya miwa, ana mke, ana mtoto.

"Ulimwambia unatoka kwetu?" nikauliza.

"Nilimwambia. Nikamwuliza kama ana ndugu huku nipeleke salamu."

"Akasemaje?"

Yule bwana alikuwa anafunga mzigo wake. Alikuwa hajui mimi ni nani. "Alisema ana dada mmoja tu. Alisema kwao yeye ndiye mkubwa."

Nilimshukuru nikaingia ndani.

Ndugu msomaji, nakuonya wewe unayeaminiwa na watu. Pengine unasoma hati, au unapima mashamba, au unaitwa kushuhudia alama ya mkono. Ukiulizwa jambo la kumfunga mtu, jiulize kwanza hicho unachokijua umekipata wapi, na kama kilikuwa cha jambo hili au cha jambo jingine. Mtu akikuomba ushike mahali fulani, pashike mpaka uelewe kwa nini amekuomba. Na usione aibu kusema hujui, hata kama baraza zima linakucheka na mshahara wako uko hapo mezani. Mimi niliona aibu, na aibu ile ya nusu saa siwezi tena kuilipia.

Na wewe, kama gazeti hili linafika huko kwenye miwa na yupo wa kukusomea: kuro wako alikuwa mzee. Ulisema kweli tangu mwanzo.