Miguu ya Mama na Mbabula

Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi inauma. Mama yangu, mgonjwa wa sukari, alikuwa ameweka miguu karibu kabisa na mbabula, jiko letu la makaa. Ni mimi niliyesikia harufu ya ngozi ikiungua. Yeye alikuwa anachambua matembele.

"Mama, unaungua! Hausikie?"

"We mutoto, acha kelele. Tangu damu ya mwezi ilikatika, damu yangu inalala mu miguu. Minaiamusha na moto."

Bamama wa kanisa lake ndio waliomfundisha hivyo.

Kwenye zahanati muuguzi aligusa juu ya mguu akitafuta mapigo ya damu. Alitafuta tena, hakuyapata. Kisha akaeleza: sukari imekaza mishipa, na hedhi ikishakoma mishipa inachoka haraka zaidi. Damu haifiki vizuri vidoleni. Kidonda hiki cha moto kisipopona, watakata mguu.

"Na baridi je?" mama akamuuliza, kama hajasikia.

Nimechoka, na nina hasira. Nilimvalisha soksi jozi mbili. Sasa napikia nje kwenye upepo, mtoto wangu mgongoni, mbabula haiingii ndani tena. Mama ameninunia siku ya tatu. Anune tu, bora anune amesimama kwa miguu miwili.