Gitaa Lisilo na Tumbo

Wiki iliyopita nilisimama kwenye meza ya ukaguzi bandarini, nikingoja zamu ya mzigo wangu, na nikwambieni mapema: bila mimi, gitaa lile lingekatwa msumeno.

Lilikuwa kazi ya seremala mmoja wa Jadida, hapa Pemba, akimpelekea mpigaji wa Unguja aliyeliagiza. Kiwiliwili msaji, shingo mpingo, linang'aa kama kioo. Tatizo harufu. Fundi kalisugua mafuta ya karafuu, kama anavyosugua vitanda vyake visiliwe na wadudu. Na kwetu, karafuu huuziwa serikali tu; mzigo wa safari ukizinuka, hilo ni magendo mpaka uthibitishe vinginevyo.

Mkaguzi akaligonga kwa vidole. "Yakhe, gitaa gani zito hivi, halina tumbo? Karafuu umezishindilia wapi?"

"La umeme halina tumbo, mzee wangu," fundi akajibu. "Ni mbao tupu."

"Basi tulipasue tuone."

Fundi akalikumbatia kama mwana mchanga. Meli ikapiga honi. Hapo mie, niliyeishia darasa la sita lakini akili sikuiacha skuli, nikapaza sauti: "Lichomekeni kwenye spika ya kutangazia abiria! Likilia, ni la umeme kweli!"

Likachomekwa. Fundi akapiga, gati zima likatetemeka, na bibi mmoja mwenye kapu la shokishoki akacheza mabega. Mkaguzi akatia alama ya chaki ya ruhusa, kichwa kikimwenda na mdundo.

Fundi alipofika kwenye ngazi ya meli, mkaguzi akamkimbilia. "Na mie nitengenezee, fundi. Ila langu liwe na tumbo."

Sikuuliza atatia nini.