Theluji Waliyoikosa Wenzangu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, baridi ambayo sisi watu wa Kisangani hatukuwa tumeionja, nikiwa nimesimama chini ya mlima na viatu visivyo vyangu miguuni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mengi ya ujana wangu yamenitoka kichwani, na mengine niliyafukuza mwenyewe. Ile asubuhi haikukubali kuondoka.

Kwetu ni hapa kwenye maporomoko. Baba yangu alikuwa Mugenya, mvuvi wa vikapu, na baba yake vilevile. Umewaona wale wanaume wanaotembea juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maji, wakivuta vikapu vikubwa kuliko banda la kuku. Kule maneno hayafai kitu. Maji yananguruma mpaka mtu akikuita sikioni humsikii. Basi tunakua tukijua kufanya kazi bila kusema. Mtu akiumia anakaza meno. Atasema akifika nchi kavu. Shida yangu ni kwamba hata nchi kavu nilikuwa sisemi.

Wakati ule Wazungu waliuita mji huu Stanleyville, na katika darasa letu la sekondari mtoto wa mvuvi nilikuwa peke yangu. Wengine walikuwa watoto wa makarani, wa wauguzi, wa wafanyabiashara waliotoka Maniema. Mimi ni Faustini, lakini waliniita Mbisi, yaani samaki kwa Lingala, na waliponiita hivyo nilicheka pamoja nao. Jioni niliandika kwenye daftari langu yote ambayo ilinipasa kumwambia mtu. Daftari lile ndilo lilikuwa rafiki yangu, na nikuambie ukweli, rafiki asiyejibu si rafiki mzuri. Anakubali kila unachomwambia.

Likizo ya Pasaka, padri aliyetufundisha jiografia alitupakia wavulana kumi na wawili kwenye kamio, yaani lori, tukaenda siku mbili za vumbi na matope mpaka upande wa Beni. Alitaka tuione theluji ya Ruwenzori. Hakusema tukaipande, la. Ruwenzori si mlima wa watoto wa mtoni. Lakini mbele yake kuna mlima mdogo, mlima wa wanaoanza, mwendo wa saa tatu kupanda, na asubuhi ikiwa safi ukisimama kileleni unauona ule weupe waziwazi. Njia nzima wenzangu hawakuzungumza lingine. Mmoja alisema theluji iko kama pamba. Mwingine akakataa, eti iko kama unga wa muhogo uliosahauliwa juani. Mimi nilikaa nyuma ya kamio nikisikiliza. Nilitaka kusema kwamba labda iko kama povu la maporomoko, lakini wakati nilipokuwa bado naipanga sentensi yangu, wao walikuwa wameshahamia kwenye mambo ya mpira.

Tulipofika, padri alishikwa na homa akabaki misheni. Akatukabidhi kwa kiongozi wa mlima, mzee mfupi aliyeitwa Papa Paluku, mwenye fimbo na koti la kijeshi lililochakaa.

Sasa viatu. Padri alikuwa amesema viatu ni lazima, nami sikuwa navyo. Tonton, mdogo wake mama, aliniazima vyake vya kwendea kanisani. Vilinibana tangu Kisangani. Pekupeku ningeweza kusimama juu ya jiwe lenye utelezi vizuri kuliko mbuzi, lakini pekupeku ningekuwa Mbisi kweli kweli. Nikafunga kamba, nikanyamaza.

Papa Paluku alitupanga mstari. "Bon, watoto," akasema. "Mulima huu si mukubwa. Lakini iko na sheria moja. Mbele ya kupanda, kila mutu aseme udhaifu wake. Mwenye udhaifu atatembea mbele, na sisi wote tutafuata mwendo wake. Mwenye nguvu atafunga nyuma. Ukificha, wenzako watabeba kitu hawakioni."

Ramazani, mtoto wa mfanyabiashara, ndiye aliyekuwa na mdomo. "Papa, udhaifu wangu ni pondu. Nikiona sahani ya yale majani ya muhogo, magoti yanalegea."

"Pondu iko kule juu?"

"Hapana, papa."

"Donc uko na nguvu. Wewe utafunga nyuma."

Tulicheka sana. Ndipo Gaspari, mtoto wa muuguzi, mwembamba kama ufito, akasema polepole: "Mimi ni kifua, papa. Nikipanda kinanibana."

"Eee, koko!" wakapiga kelele wengine, wakimfanya babu. "Mupeni fimbo! Mutafutieni na bibi wa kumushika mukono!"

Papa Paluku hakucheka. Alimshika Gaspari begani, akamweka wa kwanza. Kisha akapita kwa kila mmoja mpaka akanifikia mimi. "Na wewe, mutoto wa viatu vizuri?"

Nilifungua kinywa. Kile kicheko kilikuwa bado hakijapoa. "Sina kitu, papa."

Aliangalia viatu, akaniangalia usoni, akangoja. Alingoja sana, mwanangu. "Hauna?"

"Sina."

Akapita. Nami nikajiambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali ni nzuri, lakini ukiichukua peke yake, bila ndugu zake, inaweza kukutia shimoni. Kwani hao hao wazee waliosema hivyo ndio waliosema mficha maradhi kilio humfichua.

Tulipanda. Gaspari alienda taratibu, anasimama, anavuta pumzi, anaenda, na hakuna aliyechoka, kwa sababu mwenda pole hajikwai. Lakini kabla ya saa moja kisigino changu kilikuwa kimechubuka. Ramazani alikuwa nyuma yangu. Nikainama. "Pita tu, nafunga kamba."

"Kweli, Mbisi? Mzee amesema mimi ndiye wa mwisho."

"Pita, nakuja."

Akapita. Hapo palikuwa na kijito kinachokata njia. Nilivua viatu nikatia miguu majini, na ile raha sijui nikuelezeeje. Damu ikaenda na maji. Ningeweza kuinuka mara moja. Sikuinuka. Nilikaa zaidi ya ilivyohitajika, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu: nilitaka mmoja wao ageuke na kuuliza, "Faustini yuko wapi?" Nilikuwa nawapima. Nilisikiliza sauti zao zikipanda, zikipungua, na hakuna aliyeuliza. Kumbe ukitaka kuwapima watu kwa kujificha, unajipimia upweke wako mwenyewe.

Nilipoinuka, ukungu ulikuwa umeshuka kati ya miti. Njia sikuiona.

Hapa nilifanya kosa ambalo mtoto wa kule mlimani asingelifanya. Sisi wa mtoni tunafundishwa tangu utoto: ukipotea msituni tafuta maji, uyafuate. Kijito kinaingia mto, na mtoni kuna watu. Nikaning'iniza viatu shingoni, nikafuata kijito kwenda chini, nikiwa na hakika kama mwenye ramani. Mara mbili niliteremka mawe ambayo baadaye nilishindwa kuyapanda. Mara ya tatu maji yalitoweka mbele yangu. Yalikuwa yanaanguka kwenye genge, na chini sikuona kitu ila ukungu. Nikakaa juu ya jiwe, nikashika mzizi.

Ndipo nikasikia. "Mbisi! Mbisi ooo!" Sauti nyingi, mbali, juu.

Niliwasikia vizuri kabisa. Sikuitika.

Mwanangu, usinicheke. Mtu anaweza kuwa hatarini na bado akawa na hasira ya kitoto. Niliwaza: mpaka hapa, mpaka kwenye genge, jina langu limewashinda? Waite wee, wachoke. Na walipochoka kweli, mlima ukanyamaza. Sasa nikataka kupiga kelele, lakini maporomoko yale madogo yaliimeza sauti yangu kama maporomoko yetu yalivyommezea baba yangu ya kwake. Nilikaa nimeushika ule mzizi. Sijui muda gani. Nilimuita mama yangu, naye alikuwa siku mbili za kamio.

Mawe yakaanza kuporomoka juu yangu. Papa Paluku alikuwa anateremka kwa makalio, tope mpaka kifuani, kiganja kimoja kimepasuka kinatoka damu. Alifika, akakaa kando yangu, akahema kwanza.

"Ulisikia tunakuita?"

Nilitazama chini. "Nilisikia, papa."

"Mbona haukuitika?"

"Walikuwa wananiita Mbisi."

Nilingoja kofi. Yeye alifunga kiganja chake kwa kitambaa, akavuta fundo kwa meno. "Nyumba yako ikiungua, na jirani akakuita kwa jina baya, utabaki ndani?"

Nilitikisa kichwa.

"Itika kwanza. Toka. Kisha ugombane naye juu ya jina." Akaangalia genge. "Na ulifuata maji kwa nini?"

"Kwetu maji yanapeleka kwa watu."

"Kwenu yanapeleka kwa watu. Hapa yanapeleka kwa genge." Akaiona miguu yangu, akatikisa kichwa. "Asubuhi nilikuuliza. Viatu vilinijibu, wewe ukakataa. Sikutaka kukupatisha haya mbele ya wenzako. Basi na mimi nilikosa. Tumekosa wawili."

Neno hilo liliniuma kuliko kofi. Nikalia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Alors, panda. Bila viatu."

Nilipanda pekupeku, na mawe yale yaliyonishinda niliyashinda, kwa sababu safari hii mtu alikuwa ananisukuma kutoka chini kwa bega, mzee wa umri wa babu yangu, mkono mmoja ukiwa na jeraha.

Wenzangu walikuwa wamekaa mahali alipowaambia wakae. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kilele kilikuwa palepale juu yao, ungeweza kurusha jiwe likafika. Gaspari na kifua chake alikuwa amefika hapo. Lakini walipokuwa wakinitafuta, wingu lilikuwa limefunga. Tulipanda wote hicho kipande kilichobaki, tukasimama kileleni tukitazama ukuta wa kijivu upande ambao theluji ilikuwapo. Tulingoja. Mvua ikaanza. Papa Paluku akasema tushuke, na kesho yake kamio lilipaswa kurudi Kisangani.

Ramazani aliniangalia. "Tumekuja siku mbili," akasema. Basi. Yule mwenye mdomo hakuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Wakati wa kushuka mzee aliniweka mimi mbele, pamoja na Gaspari, watu wote wakifuata mwendo wangu wa kuchechemea. Gaspari alivitazama visigino vyangu. Kisha akauliza, bila ukali: "Miguu ilikuwa inakuuma tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona haukusema? Tungekuwa wawili mbele. Mimi nilichekwa peke yangu."

Mimi niliyekuwa namlilia mtu wa kutembea naye, mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya mstari, peke yake, na neno langu moja lingeniweka kando yake. Nililimeza neno lile, na kunyamaza huko nikakuita heshima.

Ningependa kukuambia kwamba tulikuwa marafiki baada ya siku hiyo. Hatukuwa. Kwenye kamio nilirudi kukaa nyuma, nikaandika kwenye daftari kwamba wenzangu waliniacha mlimani. Uongo huo niliuandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Hawakuniacha. Niliwaambia wapite. Ilinichukua miaka kuufuta, na wakati nilipokuwa tayari kumwambia Gaspari, uhuru ulikuwa umekuja, vita vikafuata, watu wakatawanyika kama vifaranga. Niliposikia habari zake tena, ilikuwa habari ya msiba, huko Banalia. Nilienda. Niliwaambia watoto wake kwamba baba yao alikuwa mtu jasiri kuliko sisi kumi na mmoja, wakadhani ni maneno ya kilio tu. Sijui kama aliwahi kuiona theluji. Nadhani hapana. Mimi sijaiona.

Nakuandikia haya kwa sababu nimekuona. Nimekuona ukisema "hakuna kitu, papa" kabla sijamaliza kuuliza. Watu watakusifu kwamba u mtoto mpole, husumbui. Wasikudanganye. Upole ni jambo moja, na kujificha ni jingine, ingawa vinavaa nguo zinazofanana. Kama kiatu kinakubana, sema kinapobana, usingoje damu. Watakucheka, ndiyo, na kicheko kinakwisha kabla ya kona ya kwanza ya njia. Akitokea mwenzako wa kukiri udhaifu wake mbele ya watu, usimwache asimame peke yake. Sogea, useme wako. Wakikuita kwa jina usilolipenda nawe uko hatarini, itika, kisha uwafundishe jina lako. Na usijifiche ili utafutwe. Anayekutafuta huteremka genge na damu mkononi, na wanaokungoja hukosa kilichowatoa kwao.

Mungu akupe njia ndefu na miguu ya kuiweza. Akupe watu wa kutembea nao, na akupe mdomo wa kuwaambia, "Ningojeni, naumia." Nao wakungoje, mwanangu. Wakungoje, na mfike pamoja kabla wingu halijafunga.