Nilivyotoroka na Kengele ya Bibi

Watu wenye akili wakiiba, huiba kitu kinachonyamaza. Mimi niliiba kengele.

Sisemi kengele ya baiskeli. Nasema kengele ya kanisa, ya shaba, kubwa kama sufuria ya maharage ya familia nzima, na ndani yake ulimi wa chuma uliopenda kusema kuliko mimi. Nilitoroka nayo kutoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, hadi Lilongwe mchana kweupe, nikiwakimbia wezi wa hazina, na kila shimo la barabara lilitangaza nilipofika.

Kengele hiyo ilitoka kijijini kwetu Kongo, katika milima ya Fizi, ambako wamisionari waliitundika kabla mama yangu hajazaliwa. Vita vilipotufukuza, bibi yangu mzaa mama aliiweka kwenye kitunga, akaifunika kwa majani ya muhogo, akaibeba mgongoni hadi ziwani. Njia nzima ilikuwa na watu wenye bunduki, na kengele haikutoa hata mlio mmoja. Aliinyamazishaje? Alinisimulia mara nyingi sana. Kila alipofika sehemu hiyo, mimi nilikuwa nimeshasinzia au nachezea simu. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walinionea huruma; guu langu lilipona, ni heshima yangu iliyovunjika.

Hapa Dzaleka kengele ilipata kazi mpya. Jamaa wakikubaliwa kwenda kuishi Kanada au Australia, basi huja kuwachukua. Siku hiyo mpiga kengele huanza kupiga mizigo inapopakiwa na haachi hadi basi lipotee kabisa. Hatuna kwaheri ndefu, maana kwaheri ndefu zinaangusha akina mama. Tunaiacha kengele iseme. Walioko kule kwenye baridi hupiga simu wakasema kwamba hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya kwetu waliyobaki nayo masikioni.

Mpiga kengele nilikuwa mimi. Na sasa zamu ilikuwa ya bibi. Alikuwa anasafiri na mama mdogo, kwa kuwa kesi yao ya ukimbizi ilikuwa moja. Kesi yangu ilikuwa peke yake, na hadi leo iko mahali inasubiri. Wiki moja kabla ya safari bibi aliniita, akaniomba kitu kimoja tu.

"Uipige muzuri, mujukuu. Usipige sawa mutu anafukuza mbuzi."

Nilimwahidi. Nilikuwa tayari kupiga hadi mkono ung'oke begani.

Shida ni kwamba kanisa letu lilikuwa limegawanyika. Natamani kusema tuligawanyika kwa sababu ya ubatizo au Roho Mtakatifu, lakini tuligawanyika kwa sababu ya sare za kwaya. Wengine walitaka kitenge cha buluu, wengine cha kijani. Mimi nilikuwa buluu kufa kupona. Bibi alikuwa kijani, kwa sababu, alisema, buluu inamfanya aonekane mgonjwa. Tulitumia jengo lile lile, sisi asubuhi na wao mchana, na kengele ilining'inia nyuma kwenye nguzo, ikiita pande zote mbili bila ubaguzi. Ni yenyewe tu iliyokuwa imebaki Mkristo.

Ndipo nikaona mtu ameletwa na wa kijani, anaipiga picha. Aliipiga picha mbele, nyuma, mpaka akalala chali chini yake apate tumbo. Nikamwuliza fundi baiskeli jirani. Fundi akasema huko City Centre, Lilongwe, kuna wageni wanaonunua vitu vya kale vya Kongo. Kwetu fundi baiskeli akisema jambo asubuhi, jioni limeshakuwa kweli.

Wakati huo nilikuwa kijana aliyeona filamu nyingi mno kwenye kibanda cha video. Nilijua kinachofuata. Hazina ya mababu, wezi wenye kamera, na kijana mmoja jasiri anayeinyakua kabla yao. Katika filamu hizo hakuna kijana anayeenda kwanza kumwuliza mzee wa kanisa. Wala hakuna anayeingia nyumba ya pili kumwuliza bibi yake, ambaye ni kijani na angemjibu kwa neno moja. Nilipanga kuificha Lilongwe hadi siku ya safari, kisha nirudi nayo niipige, watu walie, na pengine wa buluu wanipe wimbo.

Niliishusha wakati wamama wako kwenye maombi ya kufunga, nikaitia kwenye gunia. Halafu nikazima simu yangu, kwa kuwa katika filamu simu ndiyo inayomfichua mtu. Hilo la simu ndilo lililonimaliza.

Kabaza, mwendesha baiskeli ya abiria, alinibeba kwenye baiskeli yake hadi barabara kuu. Kengele ilianza kulia mita chache kutoka kambini. Nilibana gunia kwa mapaja, ikalia. Nikalikumbatia, ikalia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kwenye barabara kuu nilipanda gari dogo la mizigo lililojaa nyanya, nikakaa juu pamoja na mama mmoja mzee wa Kimalawi. Alisikiliza gunia langu muda mrefu.

"Kodi ndinu abusa?" akaniuliza. Alitaka kujua kama mimi ni mchungaji.

Nilisema ndiyo. Shujaa gani angesema hapana? Basi akavuta kitenge chake, akanionyesha goti lililovimba, akasema niliombee. Nililiombea goti lile kwa Kichewa changu kibovu, mkono mmoja juu ya goti na mwingine juu ya gunia, na kila gari liliporuka kengele iliitikia amina. Tulipofika kwenye kizuizi cha polisi, mama akawaambia huyu ni abusa. Wakanipungia mkono. Sikuwa na kibali cha kutoka kambini, na sijawahi kumsahau mama huyo. Natumaini goti lilipona bila kunitegemea mimi.

Nilifikia Kauma, mtaa wa Lilongwe, kwa rafiki yangu, fundi cherehani, mtu wa Bukavu aliyesoma hadi vitabu vikamchoka. Alifungua gunia, akanitazama.

"Mon vieux, rafiki, unaniletea kanisa mu atelié ya kushona?"

Nilimweleza kuhusu wezi wa hazina. Hakucheka, na hilo lilinipa moyo. Baadaye nilitambua alikuwa na pini mdomoni. Tuliiweka chini ya meza ya cherehani. Kesho yake asubuhi, kila alipokanyaga pedali ili ashone, kengele ililia kidogo. Mteja mmoja alivua kofia.

Asubuhi hiyo hiyo fundi alitoka kununua uzi, akarudi mbio.

"Kuko bantu babili banakutafuta. Biko na pikipiki. Banauliza kila mutu: mumemuona kijana mwenye kengele?"

Nilichungulia. Nikawatambua wote wawili, wa kijani kabisa. Mmoja alikuwa shemasi wao mnene, mwingine mwenye pikipiki, kijana anayeimba besi, ambaye sauti yake ikitoka hata sufuria za jirani hutikisika. Niliinama chini ya dirisha. Na bado, lazima niseme, nilifurahi. Kumbe kweli nilikuwa nafukuzwa.

Nilitokea nyuma, nikapanda minibasi, gunia likilia kila shimo, nikashuka Chilinde, nikajichanganya na watu wa soko. Hapo ndipo nilipoona kwamba nisipoinyamazisha nimekwisha. Nikavua shati langu, nikalisindilia ndani ya kengele kuuzunguka ule ulimi, kisha nikakaza yote kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande, ile ambayo makabaza hufungia mizigo. Nilifunga fundo juu ya fundo. Kengele ikanyamaza kimya. Nilijisikia kama nimegundua dawa, na nikajisemea bibi angejivunia mimi.

Sikufika hata mwisho wa mstari wa wauza nyanya.

"Weye! Simama! Leta ile kengele!"

Ilikuwa besi, na Chilinde nzima iligeuka. Nilikimbia kifua wazi na gunia mgongoni, nikaruka beseni la samaki wadogo, nikaingia upande wa kaunjika, yale mavazi ya mitumba yanayolundikwa chini kwenye turubai. Nikajitupa ndani ya lundo la makoti, nikajifunika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia chini ya makoti ya baridi ya watu wa Ulaya. Mteja mmoja akainua koti, akakuta bega langu. Mwenye duka, bila kushtuka, akamwambia hilo haliuzwi.

Shemasi alifika akihema. Hakunikamata. Aliketi kabisa juu ya lundo, karibu na kichwa changu.

"Uko unakimbia nini? Koko yako anaenda leo. Balimupigia jana magaribi, ndege imebadilishwa. Tulipiga simu yako paka tukachoka."

Koko kwetu ni bibi. Niliuliza kutoka ndani ya makoti kama hawakuwa na mpango wa kuiuza kengele.

"Kuuza? Nani anaweza uza kitu ya koko yako?"

"Na picha?"

"Tulituma picha ku bandugu ba Amerika. Balikuwa na hamu ya kuiona tu." Akajipangusa jasho. "Koko mwenyewe njo ametutuma. Alisema: mumulete, na kengele yangu."

Sina neno zuri la kueleza nilivyojisikia. Nilitoa kichwa nje ya makoti. Bibi alikuwa ameamka, amekuta nguzo tupu, na badala ya kunilaani akatuma watu wa kijani waje kunichukua mimi wa buluu. Basi la safari lilikuwa linaondoka Dzaleka mchana ule. Kurudi kambini hatungewahi, lakini lingepita kwenye njia panda ya uwanja wa ndege, iliyo nje ya mji. Besi alisema tukiondoka sasa hivi tunaweza kulikuta pale.

Tulipanda pikipiki watatu, besi mbele, shemasi nyuma, mimi katikati bila shati, nimekumbatia kengele kama mtoto mgonjwa. Tulipita City Centre, kwenye mabenki na maofisi, ambako niliambiwa wanunuzi wa vitu vya kale wamejaa. Hakuna mtu hata mmoja aliyeitazama kengele. Walinitazama mimi.

Tulifika njia panda basi halijafika. Nilianza kufungua mafundo. Mpira wa baiskeli ukilowa jasho haufunguki, huo ni ukweli ambao kila kabaza wa Malawi anaujua na mimi nilikuwa naujifunza siku hiyo. Nilivuta, nikakwaruza. Shemasi akaingiza meno, mtu mzima, mwenye heshima zake, amepiga magoti kando ya lami anatafuna mpira. Besi alikimbia kutafuta kisu kwa wauza mahindi.

Basi likatokea.

Lilikuwa jeupe, vioo vimefungwa vyote, na lilipunguza mwendo likate kona. Nilimwona bibi. Alikuwa dirishani upande wetu, na kitambaa chake cha kijani kichwani, mkono umeshika kioo. Kengele ilikuwa bado imefungwa. Nikaokota jiwe, nikaigonga kwa nje, kwa nguvu zangu zote. Unajua kengele iliyojazwa shati inaliaje? Inalia kama mtu anayebisha mlango wa ubao wa watu waliohama. Nikagonga hivyo hivyo. Niligonga basi linakata kona, niligonga linaenda, niligonga hadi likawa doa kwenye ile barabara ndefu, na hata doa lilipokwisha mkono wangu ulikataa kuacha.

Halafu nikakaa kwenye majani nikalia. Shemasi alinivika koti lake. Besi alirudi na kisu.

Nilirudi Dzaleka nikitegemea kupigwa na pande zote mbili. Walinisamehe upesi mno, na hilo liliniuma zaidi. Tuliitundika kengele mahali pake, nikachana shati langu lililotoka ndani limejaa kutu na shaba, nikalifanya tambara la kuisafishia.

Siku kadhaa baadaye simu ililia, na safari hii ilikuwa imewashwa. Alikuwa mama mdogo, kutoka kule kwenye baridi. Aliniambia kwamba ndani ya basi kulikuwa na mashine ya baridi inanguruma na dereva alikataza vioo visifunguliwe. Hakuna aliyesikia kitu. Bibi ndiye aliyeniona wa kwanza. Akasimama kwenye kiti, akaanza kuwaambia abiria wote, Warundi na Wanyarwanda na Wasomali, kwamba yule kijana pale ni mjukuu wake na ile ni kengele yake. Kisha mama mdogo akampa bibi simu.

"Mbona ulikuwa bila shati?" ndilo jambo la kwanza aliloniuliza.

Nikamweleza kuhusu shati na mafundo. Nikamsikia anacheka kwa pua, kama afanyavyo.

"Nilikuambia mara ngapi? Bukari, ile ugali yetu. Unapika bukari ya muhogo, inapoa, unaijaza ndani, inashika ule ulimi. Haifungwe na kitu. Tulipofika ku ziwa tuliitosha mule ndani, tukaikula. Batoto balikuwa na njaa."

Nilisema sikuwahi kusikia sehemu hiyo.

"Ulikuwa unalala."

Nikahamishia simu sikio la pili. Kisha nikamwuliza, ingawa mama mdogo alikuwa ameshanijibu, kama alisikia chochote pale njia panda.

"Nilisikia," bibi alisema. "Ililia muzuri sana, sawa kule kwetu. Haukupiga sawa mutu wa mbuzi."

Sikubishana naye.